Nailoni ya Mama na Bei ya Packard

Mtaa wa Burlingame,
Detroit, Michigan.
23 Agosti 2022

Mpendwa mdogo wangu Roscoe,

Salamu kwanza. Hujambo wewe, hajambo Marva, hawajambo watoto? Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua kila mvua ikitaka kunyesha, lakini bado nakwenda. Mama alitimiza miaka tisini Jumamosi iliyopita. Anakula vizuri, anasikia akitaka kusikia, na bado ananikosoa ninavyokunja mashuka. Huko kwenu Alaska, Anchorage, najua baridi iko njiani, basi wavisheni watoto vizuri.

Nimekuandikia kwa kalamu makusudi. Kwenye simu unanikatiza kabla sijafika popote, na habari ya leo inataka isikilizwe mpaka mwisho. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja na sijaona mtu aliyeweza kuikatiza barua. Kaa chini uisome.

Pesa uliyotuma ya kushonea upya viti vya gari la Baba nimeipokea, na sijaitumia. Fundi wako Duane nimemrudisha kwake. Usikunje uso, endelea kusoma.

Ulivyotaka wewe ndivyo nilivyotaka na mimi: ngozi nyekundu, ile nailoni itupwe, na Mama aingie barabara ya Woodward siku yake ya kuzaliwa, kwenye msafara wa magari ya zamani, ndani ya Packard iliyopendeza. Nailoni yenyewe unaikumbuka. Mama aliivisha makochi ya sebuleni, akavisha na viti vya gari, na ole wake atakayeigusa. Mwezi wa saba mapaja yalinata, ukishuka unahisi ngozi imebaki nyuma. Ulipompeleka yule binti wa kina Tolliver kwenye dansi ya shule, gauni lake lilipiga kelele kila alipojisogeza, mkarudi hamsemeshani. Watu walikuwa wakisema gari ni la Mabry lakini viti ni vya hospitali. Baba akasifiwa kwa gari, Mama akachekwa kwa nailoni, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka.

Sasa sikiliza. Duane alikuja Jumanne, siku kumi na moja kabla ya msafara, roli la ngozi begani na kisu mkononi. Kijana mstaarabu, sina neno naye. Mthamini nilikuwa nimempangia Alhamisi, viti vikiwa tayari, kwa sababu watu wa bima walitaka karatasi ya thamani kabla gari halijatoka. Anaitwa Bwana Nowicki, mzee wa Hamtramck. Huyo naye akaja Jumanne ileile bila taarifa, eti alikuwa na kazi mtaa wa pili. Nilikasirika. Leo ningempikia keki.

Alimkuta Duane ameshaingiza ncha ya kisu kwenye nailoni ya kiti cha mbele. Akasimama mlangoni mwa banda la gari, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ndugu yangu, hebu toa hicho kisu kwanza. Polepole."

Akakaa na gari saa mbili nzima. Roscoe, mimi nilidhani bei ya gari kama hili ni uzee wake na kung'aa kwake. Kumbe uzee peke yake hauna maana, yapo mazee mengi yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Yeye anaanza na umbo. Letu ni la milango minne, na yale yenye paa la kukunja yanatuacha mbali sana. Hilo nililimeza tu. Halafu anauliza yalitengenezwa mangapi na yamebaki mangapi. Halafu kutu, na unajua chumvi ya barabara zetu wakati wa theluji inavyokula magari kuanzia chini. Alijilaza sakafuni na tochi yake, akatoka magoti meusi na uso umekunjuka, kwa maana Baba hakulitoa gari hata siku moja kati ya theluji ya kwanza na Pasaka. Akalinganisha namba ya injini, akakuta ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Akaomba karatasi. Nikamletea bahasha ya Baba, kuanzia stakabadhi ya kununulia mpaka ya kubadilisha oili mara ya mwisho, na mzee wa watu akazisoma zote.

Lakini kilichomshika ni viti. Aliinua pembe ya nailoni kwa vidole viwili, akaona kile kitambaa cha kijivu chenye uzi wa fedha, ambacho mimi na wewe tumekaa juu yake utoto wetu wote bila kukigusa. Alieleza kwamba rangi inaweza kupigwa upya na bampa zikachovywa nikeli upya, mwenye pesa anafanya hayo wakati wowote, lakini kitambaa kile hakifumwi tena popote. Karibu kila gari la aina yetu aliloliona limeshonwa upya na mtu aliyetaka kulipendezesha. Alimwonyesha Duane ile ngozi nyekundu, akamwambia kazi yake ni safi, na kwamba ingekata bei ya gari zaidi ya nusu. Kisha akanigeukia na kuuliza nani aliweka nailoni.

Niliona haya. Nikajibu kwamba ni Mama, ana mambo yake. Na Mama alikuwa amesimama kwenye ngazi za jikoni na kitembezi chake cha kuegemea, anasikia kila neno.

Bwana Nowicki akavua kofia. "Mama," akamwambia, "nimefanya kazi hii miaka arobaini. Watu hunilipa niwaambie jinsi ya kutunza magari yao. Wewe ulijua bila kumlipa mtu."

Mama hata hakutabasamu. Sifa hiyo aliingojea miaka sitini na sita, hakutaka kuimaliza haraka. Alishuka ngazi moja moja akaja mpaka kwenye gari, na yule mzee alipoanza kusifu mshono wa kiti cha nyuma, akisema aliyekishona alikuwa na mkono ulionyooka kuliko kawaida, Mama akamkatiza.

"Huo mkono ni wa mume wangu. Funua kiti uone."

Sikulijua hilo, na wewe hukulijua. Tulijua Baba aliwahi kufanya kazi kiwanda cha Packard, na kwamba walipofunga kazi hapa Detroit mwaka ule wa hamsini na sita akaenda kuwa mlinzi wa shule, na hakupenda kulizungumzia. Kumbe alikuwa kwenye mashine za kushona viti. Chini ya kila kiti alichomaliza aliandika alama yake kwa chaki. Mama alisimulia amesimama palepale, mkono kwenye mlango wa gari. Vuli ile magari yaliyobaki yalipokuwa yakiuzwa kwa bei ya chini, Baba alimchukua wakaenda kwa muuzaji, akaanza kufunua viti. La kwanza, hapana. La pili, la tatu, hapana, na muuzaji anamwona kichaa. La nne akakirudisha kiti taratibu, akasema analitaka hilo. Muuzaji akamsihi achukue la kijani, lina redio nzuri zaidi. Baba akasema anataka hilohilo la nne.

Nikamuuliza Mama mbona hakutuambia. "Baba yenu hakutaka kuonewa huruma," akasema. "Kushona ndiyo kazi aliyoipenda, na hakuipata tena. Hivi ndivyo viti vyake vya mwisho. Ningewaacha nyinyi mvipandie na viatu?"

Duane ndiye aliyefunua kiti. Chaki ya bluu ipo, imefifia lakini inasomeka: T.M. 417. Mama akanituma chumbani nilete mkebe wa biskuti, na ndani yake kulikuwa na beji ya kazi ya Baba, namba 417. Bwana Nowicki akazipiga picha pamoja, akasema historia kila mwenye gari anayo mdomoni, ila historia yenye ushahidi hukutana nayo mara chache, na hiyo nayo inapandisha bei. Duane alikunja ngozi yake mwenyewe kabla sijamwambia. Nililia, sikufichi. Nililia kwa kujivunia wazazi wangu.

Kwenye karatasi ya thamani Bwana Nowicki ameandika dola elfu thelathini na nane. Ndiyo, umesoma sawasawa. Na ameandika kasoro moja ya viti: doa la ukubwa wa sarafu, nyuma kushoto, palipochanwa nailoni kwa kisu kidogo na kuzibwa kwa utepe. Alipouliza limetokana na nini, Mama alimjibu kwamba aliyelisababisha anaishi Alaska.

Karatasi yenyewe aliileta asubuhi ya Jumamosi ya msafara, akamkuta Mama amevaa suti yake ya zambarau ya kanisani na ile kofia pana. Mama akamuuliza kama bei itapungua yeye akikaa juu ya kitambaa bila nailoni. Akamjibu ukweli: kidogo, ndiyo.

"Basi ipungue," Mama akasema. "Kiti hiki nilikuwa namwekea mgeni. Nimechoka kumngoja. Verlene, lete mkasi."

Alikata mwenyewe nailoni ya kiti cha mbele, upande wake. Akakaa, akapitisha kiganja juu ya kile kitambaa, akakiacha hapo. Nikaendesha. Woodward nzima ilikuwa imejaa watu na viti vyao vya kukunja, na sisi tukapita polepole kati ya magari yenye rangi mpya zinazoumiza macho. Watu walitupungia. Tuliposimama kwenye taa, jamaa mmoja mwenye gari la paa la kukunja alichungulia, akauliza viti hivyo kashona nani, maana anamtafuta fundi wa namna hiyo. Mama akainua kidevu. "Thaddeus Mabry," akamwambia. "Hapokei kazi mpya." Tuliporudi tulikula kambare wa kukaanga na keki, na hakuna aliyethubutu kucheka nailoni.

Ile ya nyuma kushoto, yenye utepe wako, bado ipo. Nilitaka kuikata nayo, Mama akanizuia. Amesema hiyo utaivua wewe, na ukae hapo, juu ya doa lako. Hujafika nyumbani tangu tumzike Baba. Pesa yako nairudisha humu kwenye bahasha, kamili, ikanunue tiketi zenu kabla theluji haijaanza, kwa sababu ikianza gari halitoki, na hiyo amri ya Baba siwezi kuivunja.

Msalimie sana Marva, mbusu Janelle na mdogo wake. Shangazi Hattie anakusalimu na anauliza kama huko mnapata mboga. Mungu awalinde njia nzima, kutoka mlango wenu mpaka mlango wetu. Mkasi nimeuacha ndani ya gari.

Ni mimi dada yako nikupendaye, dereva wa Mama,

Verlene