Wale Wawili Wanaongea Tu

Gannet Arm,
Newfoundland.
3 Machi 2019

Mpendwa dada yangu Genevieve,

Salamu nyingi zikufikie huko Alberta, wewe na shemeji na kijana wenu Brendan. Kifua kimepona? Nasikia baridi ya huko inakata kama wembe. Usitoke bila kufunika kichwa, najua unavyopenda kujifanya kijana. Sisi tu wazima. Goti la mume wangu Leo linamsumbua akipanda ngazi, ila akienda kucheza karata halimsumbui. Vidole vyangu vimepumzika kwa kuwa kiwanda chetu cha kumenya kaa wa baharini hakijafunguliwa, ndiyo maana naweza kushika kalamu. Mwandiko usiucheke. Ni kuku kapita kwenye theluji, kama siku zote.

Barua yako niliisoma nikalia. Unasema Brendan leo yuko na huyu, kesho yuko na yule, kuoa hataki, kusema hataki, na wewe hulali. Dada, hata mimi nilikuwa silali kwa ajili ya Jocelyn wangu. Ngoja nikuambie yaliyotupata mwezi uliopita, labda utapata usingizi.

Unamkumbuka Corey, mjukuu wa marehemu Ambrose Pittman mwenye mashua ya kijani? Amekuwa kijana mrefu, mpole, fundi umeme. Tangu Krismasi anakuja kumchukua Jocelyn, wanakwenda kula samaki na chipsi, wanarudi. Nikamuuliza binti yangu, huyu ni mchumba? Akasema, "Hapana mama, tunaongea tu." Nikamwambia kama ni kuongea si muongelee hapa jikoni, ya nini kumaliza mafuta ya gari? Akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbe kwa vijana wa leo "kuongea" ndiyo hatua ya chini kabisa, hata wapenzi hawajaitana. Wanaonjana tabia, ahadi hakuna. Nikawaza, mwanangu ataonjwa kama supu, kisha mtu aweke kijiko chini aende zake.

Basi Jumamosi moja Corey alikuja kula supu ya njegere kwetu, theluji ikaanguka kama mtu anamwaga magunia. Barabara ikafungwa. Gari lake likazikwa uani, likabaki paa. Akalala kwenye kile kitanda cha kupumzikia kilichoko jikoni, na mimi nikaacha mlango wa chumba chetu wazi, Leo anakoroma kama mlinzi. Kulipokucha Loretta wa jirani akapiga simu. Unamjua, dirisha lake halina pazia makusudi.

"Mena, hilo paa jekundu uani kwenu la nani?"

"La Corey."

"Ehe! Na hao wawili vipi?"

"Wanaongea tu."

"Yesu na Maria! Wameshafika kwenye maongezi!" Akakata simu.

Nilisahau, dada. Kwa Loretta na sisi wa zamani, kijana akisemwa anaongea na binti wa watu, ujue keshazungumza na baba mtu, kabaki padre.

Barabara ilipofunguliwa, Corey akiwa bado anafukua magurudumu, wakaingia wanawake wa kanisani na keki, Loretta akiwa mbele. Na blanketi la viraka, lile walilokuwa wanalishona kwa bahati nasibu ya Pasaka, pembeni wameshatia J na C kwa uzi mwekundu! Wakamzunguka mwanangu, "Hongera, bibi harusi!" Jocelyn akawa mweupe kama maziwa.

Nikaona hatari palepale. Akikataa, kamwaibisha Corey mbele ya kijiji. Akinyamaza, kashaolewa. Wewe na mimi tunawajua wangapi walioolewa kwa kunyamaza?

Corey alikuwa mlangoni, koleo mkononi. Mimi mama, macho ninayo. Yule kijana anampenda mwanangu, na blanketi lile alilitazama kama mtu mwenye njaa. Angesema "asanteni" tu, kijiji kizima kilikuwa upande wake. Lakini akasema, "Shangazi zangu, keki tunapokea, ila mmewahi. Jocelyn aliniambia tangu siku ya kwanza kuwa hajawa tayari, na mimi nilikubali. Tunaongea tu."

"Maongezi gani hayo ya kulala jikoni kwa watu?" Loretta akamchokoza.

"Hiyo ni theluji, Shangazi Loretta. Kamlaumu aliyeileta."

Kicheko kikatoka. Jocelyn akapata pumzi, akasimama wima: "Nikiwa tayari nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sasa hivi kateni keki." Na keki ikaliwa.

Dada, nilijivunia wote wawili, nikajifanya naosha vikombe ili wasinione machozi. Sisi tulikuwa na adabu nyingi, lakini nani alimuuliza mwenzake anataka nini? Mimi na Leo tulicheza dansi mbili, watu wakatuoza. Bahati yangu alikuwa Leo. Hawa tunaowaogopea wanaambiana ukweli kabla hata hawajashikana mikono. Sisemi wote. Wapo wanaochezea watoto wa watu, na hilo bado linanitia hofu.

Kwa hiyo Brendan usimuulize ataoa lini. Mngoje awe anakula, mwulize kwa upole: huyo binti anajua unachotaka na usichotaka? Akikutazama machoni, kalale. Akitazama sahani, hapo mkemee, na mimi nitakusaidia kwa simu.

Blanketi limerudi kwenye bahati nasibu. Loretta alishika mkasi afumue zile herufi, Jocelyn akamzuia. "Ziache, Shangazi. Nitanunua tiketi." Sikumuuliza ana maana gani. Najifunza.

Msalimie sana shemeji, na Brendan mwambie mama yake mdogo anamkumbuka na yale masikio yake. Leo na Jocelyn wanawasalimu. Mungu awafunike huko mliko, awarudishe nyumbani kiangazi tuchume matunda pamoja.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye iwe mvua iwe theluji,
Philomena

Nilisahau: usimwambie Jocelyn, lakini na mimi nimenunua tiketi. Kumi.