Hodi za Elinami

Elinami, rafiki yangu,

Uvumilie mwandiko wangu wa siku hizi. Tangu tukuzike pale Kikwe, binti yako Neema huja kwangu Kimandolu kila Jumamosi na ndizi za kupika. Ananiita mama mkubwa. Juzi aliniambia kwamba uliniombea kwa jina kila asubuhi mpaka ulipokata kauli. Nilimshukuru. Alipoondoka nikakuonea wivu, hata kwa sala hizo. Mimi sikuwahi kukuombea.

Daktari ananiambia nisichelewe kupanga mambo yangu. Jambo langu ni moja tu, nalo ni lako.

Unakumbuka kile chuo cha wamisionari Denmark, sisi wawili tuliotumwa na usharika mmoja. Mimi mwalimu mwenye Kiingereza, wewe mwinjilisti uliyeishia darasa la saba. Niliamini mimi ndiye nitakayeng'ara. Wiki ya kwanza nililia kwa baridi na kwa ule mkate mweusi. Wewe uliupaka siagi ukasema, "Kula, mwalimu. Funga macho useme ni loshoro." Meza nzima ikacheka, ingawa hakuna aliyejua loshoro yetu ya mahindi na maziwa mgando ni nini. Mimi nilikuwa na maneno yote, wala hakuna aliyecheka nami.

Halafu zikaja hodi zako. Kila mchana baada ya masomo ulishuka kijijini kugonga milango ya watu usiowajua, kama tunavyofanya huku kwetu. "Hawana hata mbwa wakali," ulisema, "kwa nini nisibishe?" Mkuu wa chuo akaniita. Alisema kwa upole kwamba watu wa pale hutembeleana kwa miadi, na wengine wameanza kulalamika. Akataka nikueleze kwa lugha yetu, upate kuelewa vizuri. Nikaitikia.

Sikukueleza, Elinami.

Jioni ile tulikuwa na zamu ya vyombo, wewe unaosha, mimi nafuta. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Ukaanza kunisimulia habari za bibi mmoja wa kijijini, wa nyumba ya bluu, jinsi anavyokufundisha kufuma soksi, jinsi anavyokushika mkono usiondoke. Mimi hakuna aliyekuwa amenishika mkono tangu tufike. Nikafuta sahani ile ile mara mbili, nikanyamaza. Nilitaka ufungiwe mlango usoni, hata mara moja.

Malalamiko yaliongezeka. Mkuu akaamini umeonywa ukakaidi. Siku alipokuita kukwambia hutaendelea na mwaka wa pili, mkalimani nilikuwa mimi. Alisema hukutii. Mimi nikakwambia nafasi imebaki moja tu. Nawe ukatabasamu. "Basi ni yako, mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma. Nisalimie bibi wa nyumba ya bluu."

Sikumsalimia. Alikuja mwenyewe chuoni kukuulizia, kwenye theluji, bila miadi. Nikamwambia ulipenda kurudi nyumbani.

Nilirudi na cheti. Wewe ulikuwa umerudi na soksi, ukaendelea na hodi zako, kwa wagonjwa, kwa walevi, kwa watu waliokosana na kanisa. Siku ya kukuzika wote walikuja, wakajaa migombani mpaka barabarani. Mimi nilikaa kiti cha mbele, nikawaza ni nani atakayekuja kwangu. Hata siku hiyo. Jeneza lako lipo mbele yangu na mimi nakuonea wivu.

Jumamosi Neema akija atanikuta nimeshika jani la sale, lile ambalo kwetu anayeletewa hawezi kumnyima mtu msamaha. Sitampa kwanza. Nitamwambia kila kitu, nikianzia kwenye sahani, ndipo nimpe. Huenda ndizi zikakoma. Nakuahidi sitanyamaza mara ya pili.

Kwaheri, Elinami. Siku zangu si nyingi, nami nitakuja huko bila miadi. Ukisikia hodi yangu, usifungue upesi. Niache nisimame nje kidogo.

Mwalimu wako