Mkono wa Mama Mkwe Kwenye Gati la Majanji

Jumatatu, 4 Mei 1964
Nimeziba panchari nne kabla ya chai. Bila mimi hakuna baiskeli ingetembea kutoka Masaba mpaka Tororo. Hata bwana mkubwa wa wilaya ananiamkia kwanza.

Jioni mke wangu Nabwire kaja na habari. Mama yake ana mtoto wa jicho. Daktari wa macho Kisumu atamwona Ijumaa. Akikosa, jicho limekwenda. Nimesema tutapanda meli pale Majanji. Meli naijua. Nahodha mmoja alikuwa ananiachia usukani akienda kula.

Jumanne, 5 Mei
Nimepiga pasi suruali nyeupe. Kusafiri na mama mkwe ni kazi. Kwetu hamgusani, hata mkono hampeani. Mkigusana, lazima mbuzi achinjwe mbele ya wazee, na kabla ya hapo hamwezi kukaa pamoja popote. Nabwire atamshika mkono. Mimi natangulia hatua ishirini.

Alhamisi, 7 Mei
Suruali nyeupe haifai tena.

Ziwa limepanda, limemeza gati. Mbao zote ziko chini ya maji. Mashua ya kupeleka abiria melini imesimama mbali, na wachukuzi wanabeba watu mgongoni. Karani mgongoni. Mtawa mgongoni. Mmoja akaniinamia. "Panda, mzee, usichafue hiyo suruali ya harusi!" Wenzake wakacheka. Nimekataa. Mimi si gunia la mihogo. Nikapita juu ya zile mbao, viatu mkononi.

Ubao ukakatika.

Nikaenda chini. Nikanywa maji. Nikalia kama nguruwe. Halafu mkono ukanikamata kola, ukanivuta juu kwa nguvu. Kufungua macho: mama mkwe! Yuko mgongoni kwa mchukuzi, gauni lake refu la gomesi limelowa, kanishika. Na mimi nimekumbatia mguu wake.

Wanawake mashuani wakapiga mayowe. Si kwa ajili ya kuzama kwangu. Nabwire akajifunika uso. "Mama, turudi. Mbuzi kwanza."

Miaka kumi na tisa mama mkwe hajanisemesha moja kwa moja. Leo kanisemesha. "Mbuzi atangoja. Jicho halingoji. Wewe baba Ouma, baki hapo hapo."

Nimebaki. Meli imeondoka nao. Nimerudi nyumbani peke yangu, nimelowa chapachapa. Mimi!

Jumamosi, 9 Mei
Nimewaambia watu sokoni nilimtoa mama mkwe penye kina, mamba wawili wakitufuata. Fundi viatu kauliza mamba hao walivaa suruali nyeupe? Kumbe habari imefika kabla yangu. Jicho likiharibika, watasema ni mimi niliyeleta mkosi.

Ijumaa, 15 Mei
Wamerudi jana. Anaona. Nabwire anasema amehesabu kuku uani bila kuuliza mtu.

Mbuzi amechinjwa leo. Wazee wamekula, wamenawa, wamekwenda. Mama mkwe alikaa nyuma ya nyumba kama inavyotakiwa. Alimtuma Nabwire aniulize kama kifua kimekauka maji. Nimejibu kimekauka.

Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike. Yule mchukuzi aliyembeba mama mkwe alikuwa amesimama kando yangu wakati wote. Maji yalimfika kiunoni. Na mimi ni mrefu kuliko yeye.