Siku Baba Alipoona Tukifuzu

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Kamwokya tu wazima, na dada yangu amejifungua salama. Usicheke, umri wetu unakaribiana, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako.

Ulichosikia ni kweli: timu ya taifa ikicheza, tulikuwa tunamtoa baba yangu sebuleni. Miaka mingi tulikosa Kombe la Afrika kwenye mechi ya mwisho, tukasema macho yake yana nuksi. Siku tuliyofuzu, tukiongoza bao moja, zimebaki dakika chache, nilimfungulia mlango.

“Mzee, rudi nje, utatufungisha!” kaka zangu wakapiga kelele.

Nikamshika mkono. Kipenga cha mwisho kikalia, hatukufungwa. Wenzangu wakaruka, baba akakaa chini taratibu, akashusha pumzi.

“Kumbe si mimi,” akasema.

Sisi tulidhani mzaha ule ulimchekesha na yeye.

Bibi yako,
Zaina