Aliwahi Mno, Kisha Akachelewa

Jumatano, baada ya magharibi, 1967

Joto la leo halina adabu. Upepo umepuliza vumbi tangu asubuhi, hata maji ya mtungini yana ladha ya udongo. Salim anaota jino na usiku kucha hakunipa usingizi. Naandika nimempakata, kwa mkono mmoja, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke.

Wamemkamata Baba Halima.

Nimeliandika hilo kwanza ili nisizunguke. Sasa nieleze vizuri, pengine nikieleza nitaelewa mwenyewe.

Baba Halima, yaani Abdi mume wangu, ni dresa, mfunga vidonda wa hospitali hapa Garissa. Kila siku isipokuwa Ijumaa hupeleka dawa kwa pikipiki ya serikali mpaka kile kijiji cha seng'enge, ambako wafugaji wamekusanywa na kuzungushiwa waya ili wasiwalishe mashifta, wale waasi wa msituni. Asubuhi hutoka pamoja na malori ya jeshi. Kurudi hurudi peke yake, na chupa tupu na vioo vya damu ya kupimwa. Akiondoka kule, askari wa lango humwandikia saa kwa chaki juu ya tangi la pikipiki. Akifika huku kwenye kizuizi cha barabarani, koplo huitazama chaki, kisha saa yake ya mkononi.

Ukiwahi, ulikuwa unakimbia. Amri ni kwenda polepole, kwa sababu mtu anayekimbia hajulikani kama ni wa serikali au ni shifta anayetoroka. Unapigwa faini, pikipiki unanyang'anywa. Ukichelewa ni vibaya zaidi. Ukichelewa maana yake ulisimama njiani, na kama ulisimama njiani, kuna mtu ulimpa kitu.

Karani wa ghala la ngozi, naye mwenye pikipiki, alichelewa mara moja tu, kwa pancha. Tairi aliwaonyesha, msumari aliwaonyesha, wakamwingiza lango la ndani la kambi hata hivyo. Mkewe bado huenda kila asubuhi kuuliza, na kila asubuhi huambiwa arudi kesho.

Kwa hiyo wenye pikipiki wote wana mchezo mmoja. Hukimbia kwanza kama wanafukuzwa na simba, halafu wakikaribia mji hujificha mahali wakangoja saa itimie. Ndipo wanatokeza kizuizini taratibu, wamejituliza kama watu wazima.

Mahali pa Abdi pa kungojea ni hapa nyumbani.

Zamani kizuizi kilikuwa mbali, sisi tukiwa ndani yake. Lori la sukari lilipokanyaga bomu, wakakivuta mpaka karibu na mji, nyumba zetu chache zikabaki nje nyuma ya vichaka. Abdi akishapita pale hawezi tena kutoka siku hiyo, kafyu inamlaza hospitali. Basi ule muda anaouiba njiani ndio muda pekee ambao binti yetu Halima humwona baba yake katikati ya wiki. Anavua viatu, anakula, mtoto anamkalia kifuani na kumfungua vifungo vya shati kimoja kimoja.

Nimemwambia mara ngapi aende polepole! Yeye ananijibu kwamba bomu la ardhini lina uvivu wa kuamka. Gurudumu likipita kwa kasi, bomu linalipuka nyuma na kupiga hewa. Nani kamwambia? Wenzake wa pikipiki, ambao hakuna hata mmoja aliyelijaribu akarudi kusimulia.

Na kuna jingine ambalo hasemi, ila nalijua. Anapenda. Anafika na vumbi mpaka kwenye kope, macho yanacheka kama kijana aliyetoka kucheza mpira. Namkaripia, na huku namkaripia namwekea chai.

Niseme ukweli hapa, maana hapa hakuna koplo. Nikisikia injini kabla ya wakati wake, furaha ndiyo inayonifikia kwanza. Hofu inakuja baadaye.

Leo alifika mapema kuliko siku zote. Adhuhuri ilikuwa bado.

"Leo sikugusa ardhi, Mama Halima," akasema, akijikung'uta. "Niliruka tu."

"Ruka. Ukifa, hiyo pikipiki serikali itakuja kuichukua. Wewe nani atakuja kukuchukua?"

Akacheka. Akala chapati zake, akajilaza mkekani, akaniambia nimwamshe kivuli kikigusa jiwe la kufulia. Nikasema sawa. Salim alikuwa analia, nikajilaza upande nimnyonyeshe. Nilikitazama kile kivuli. Nakumbuka nilikitazama.

Halafu nikazindushwa na sauti ya Dahabo, jirani yetu Msomali anayeuza maziwa, yuko mlangoni na kibuyu chake.

"Abaayo, dada yangu! Bikibiki bado iko hapa? Watu wametoka kuswali alasiri!"

Alasiri.

Halima naye alikuwa amelala juu ya tumbo la baba yake, kifungo mkononi. Abdi aliinuka. Alivaa viatu bila kufunga kamba. Aliokota msumari pale kwenye mbao zangu za kuni, akainama kwenye tairi, nami nikamshika mkono.

"Karani wa ngozi alikuwa na pancha ya kweli," nikamwambia. "Weka chini."

Akauweka. Nilisikia injini ikienda polepole, kwa heshima zote, mpaka kizuizini. Ikazima. Nikangoja iwake tena upande wa pili, ielekee hospitali.

Haikuwaka.

Nikamfunga Salim mgongoni, nikamshika Halima mkono, nikaenda. Koplo, mtu wa bara, si mkali wa kupiga lakini ana mdomo, alikuwa amemkalisha Abdi chini kando ya pikipiki. Chupa tupu zilikuwa zimemwagwa mchangani.

"Wariya, leo ulipitia Mogadishu?" alikuwa akimwuliza, kwa lile jina wanalomwitia kila Msomali. "Ama ulikuwa unatibu watu wa msituni?"

Nikamwamkia. Nikasema alikuwa nyumbani kwangu, amelala, kosa la kutomwamsha ni langu.

"Tangu saa ngapi, mama?"

Hapo nikapima maneno. Nikitaja saa ya kweli, nimemshtaki mume wangu kwa mwendo, na nimewafunulia mchezo wa wote wenye pikipiki. Nisipoitaja, ni lile lango la ndani ambalo karani wa ngozi aliingia. Nikaona afadhali mume asiye na kazi.

"Kabla ya adhuhuri," nikasema.

Koplo akaitazama chaki kwenye tangi. Akahesabu kwa vidole. Akaangua kicheko, akamwita mwenzake. "Njoo usikie hii! Ati kutoka kule, alifika kabla ya adhuhuri! Hata Land Rover ya mkubwa haiwezi. Mama, mumeo ni malaika?"

"Si malaika. Anakimbia. Kila siku anakimbia."

"Kila siku? Na kila siku hapa anafika kwa saa yake sawasawa, kama treni." Akapangusa machozi ya kicheko. "Wacha nikwambie, mama. Mwanamke akipenda, anaweza kudanganya mpaka ukafurahi."

Nimelia mbele yake, na sikutaka. Siku zote nimekuwa nikiogopa watajua anakimbia. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba nitawaambia mwenyewe na wasiniamini. Nilimwambia akaguse magurudumu jinsi yalivyoliwa. Nilimwambia amwulize Dahabo. "Jirani yako," akasema, "na yeye anakupenda pia."

Abdi alikuwa ameinamisha kichwa tu. Halima akamwendea, akakaa mapajani mwake kama yuko mkekani, na hakuna askari aliyemwondoa. Hilo nawashukuru.

Mwishowe koplo akazungumza na mkubwa wake kwa redio. Wamekubaliana hivi. Kesho watampakia Abdi kwenye lori na pikipiki yake, wampeleke mpaka kule langoni. Wataandika chaki. Ataachiwa, na koplo atasimama hapa na saa yake. Akifika kwa muda ule niliousema, basi kosa lake ni mwendo tu, atalipa faini na pikipiki hataiona tena. Akiuzidi, mimi ni mwongo, na yeye ni mtu wa kuwapelekea dawa mashifta.

Lori litapita njia ile kwanza, wanasema, kwa hiyo hakuna bomu la kuogopa. Lakini lori hupita katikati. Katikati kuna mashimo ambayo pikipiki ikikimbia hayawezekani. Kukimbia ni pembeni, kwenye mchanga laini, mahali ambapo gurudumu la lori halijagusa. Abdi anajua. Nilimwona anajua.

Waliniruhusu kumpa maji. Alikunywa, akanirudishia kikombe, akakishika kidogo kabla ya kukiachia.

"Zuhura," akasema. Jina langu halitumii, mimi ni Mama Halima tangu mtoto azaliwe. "Nifanye nini?"

Miaka yote hii ni mimi niliyesimama mlangoni kumwambia polepole. Koplo alikuwa anasikiliza. Salim alikuwa analia mgongoni. Nilitafuta neno jingine lolote, wallahi, na sikulipata.

"Kimbia," nikamwambia.

Nimerudi. Nimewapa watoto uji. Halima ameniuliza kama baba atakula chapati kesho, nikasema atakula. Nimeswali magharibi na baada ya kutoa salamu nikainua mikono kama kawaida, nikabaki nimeinua hivyo hivyo, midomo haina kitu.

Kesho nitakuwa mlangoni, nasikiliza injini. Ya Rabbi, nikuombe ije kwa kasi gani?