Senti ya Nabalayo

Linah,

Chai iko kwa themosi, viazi nimefunika. Usimwage maji ya bakuli la bluu. Ndani kuna zile senti za tundu ambazo mjomba wako Wakoli alifukua na mashine yake ya kutafuta chuma, pale nyumba yetu ya zamani ilikuwa.

~~Usiziguse tena.~~ Zioshe, lakini pole pole: sabuni kidogo na mswaki laini. Majivu na waya ni vya sufuria.

Asubuhi uliponiambia, "Kukhu, ona vile hii inang'aa," nilitoka nje nisilie mbele yako. Hiyo ilikuwa ya mama yako. Babu yako alimfungia kiunoni akiwa mtoto, akachora N ya Nabalayo kwa msumari. Uzi ukakatika akitambaa, tukaitafuta tukachoka. Jana niliiona hiyo N chini ya kutu, nikangoja ilainike ndio nikuonyeshe. Sasa umeisugua yote ikafutika.

Hukujua, mjukuu wangu. Nimeibeba, naenda kwa fundi wa nguo kutafuta uzi mweusi. Nikirudi nitakufungia. Jina halipo, lakini tundu alilovalia mama yako bado liko.

Kukhu wako