Reli Niliyoijenga Sofu

Jumamosi jioni. Mvua iliyotishia tangu alfajiri imeghairi, na hewa ya hapa Sofu ni nzito kama nguo iliyofuliwa ikakosa jua. Nimerudi kutoka Kisarawe nikiwa na furaha ambayo, kwa umri wangu, ninaona haya kuiandika.

Ninaiandika hata hivyo.

Kwa wale wachache waliozoea kusoma hapa habari za bustani yangu na za kwaya ya parokia, naomba radhi. Leo nitaandika habari za michezo ya kompyuta. Nililelewa shuleni na mapadre waliotunyang'anya hata karata, na sidhani kama wangelipendezwa kuniona leo, mzee mwenye mvi, nikibishana na watu wazima kuhusu honi ya treni isiyokuwapo.

Tangu mke wangu Apolonia alipofariki, nimekuwa mpenzi wa michezo inayoigiza safari za treni. Binti yangu aliniachia kompyuta yake ya zamani aliponunua mpya, na mchezo mmoja ulikuwa umesahaulika ndani yake. Kutoka hapo nikafahamiana na wengine wenye ugonjwa huu huu, baadhi wa Kibaha, baadhi wa Kisarawe, tukafungua kundi katika simu. Ninakiri bila kutafuta huruma kwamba karibu mazungumzo yangu yote ya wiki nzima ni ya humo.

Tunabishania michezo miwili. Majina yake halisi ni marefu na ya Kizungu. Sisi tunauita mmoja Bibi Harusi na mwingine Mzee.

Bibi Harusi ni mpya. Hupendeza, hugharimu, na huchelewa kutokea. Mvua inateleza juu ya kioo cha dereva hadi unatamani kuifuta kwa leso, na kokoto zilizo kati ya reli zinaonekana moja moja. Lakini anadai kompyuta yenye nguvu, kila njia ya reli inanunuliwa peke yake, na masasisho yake yanakula bando la mwezi kwa siku moja. Tena huganda. Mwenzetu Erasto aliwahi kuendesha safari ndefu kwa usahihi mkubwa, akabakiza kufunga breki katika stesheni ya mwisho, mchezo ukaganda, na abiria wake wako pale mpaka leo. Kwa Bibi Harusi hakuna hata hatua moja ya reli ya nchi yetu. Wenzangu wameendesha katika theluji kiasi kwamba wangeweza kuifanyia mtihani.

Mzee ni mzee kweli. Miti yake ni vibao viwili vilivyopachikwa msalaba, watu wake hawana magoti, na injini inanguruma kama mashine ya kusaga. Ukiufungua mara ya kwanza haufunguki. Unafunguka mara ya pili, na hakuna anayejua sababu. Lakini Mzee anakuruhusu kujenga. Anakupa ardhi tupu, anakupa mataruma na vyuma, anakuacha.

Mwezi uliopita Erasto alipendekeza kundi zima lihamie kwa Bibi Harusi na kuachana kabisa na Mzee. Alitoa hoja nzuri, na wengi waliweka alama za kukubali. Kwao lilikuwa jambo la ladha tu. Kwangu lilikuwa jingine: kompyuta yangu haiwezi kumfungua Bibi Harusi hata kwa maombi. Kundi likihama, mimi ninabaki jukwaani nikiwapungia mkono.

Hilo sikulisema. Malezi yangu hayaniruhusu kuwafunga watu kwa huruma. Niliomba tu, kwa unyenyekevu, kwamba kabla ya kuamua wapite mara moja katika njia niliyokuwa nikiijenga kwa muda mrefu: reli ya zamani, kutoka Pugu hadi Ruvu.

Wakakubali. Ndiyo safari ya leo.

Mwanaidi, mtumishi wa halmashauri ambaye ni jirani yangu hapa Sofu, alinichukua kwa gari lake. Njiani aliendesha polepole. Nadhani alijua nina wasiwasi. Tulikutana katika duka la Shabani pale Kisarawe mjini, analopigia chapa na kutolea nakala. Shabani alifunga mlango nusu, akatuwekea chai na korosho za kukaanga, akawasha kompyuta yake kubwa.

Erasto alikuwa ameshafika. Yeye hufanya kazi ofisini Dar, na ana ulimi mwepesi, lakini aliinuka kunisalimu.

"Shikamoo, Mzee Klementi. Nimekuja kuzika gemu lako kwa heshima zote."

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuvaa vizuri."

"Usimjali, mzee," Shabani akadakia. "Huyu gemu lake akitaka kupiga honi linaomba sasisho kwanza."

"Na la kwako lina miti kama maboksi ya sabuni!"

Erasto akakaa kwenye kiti cha dereva, yaani mbele ya kompyuta, nami nikasimama nyuma yake mikono ikiwa imefungamana kama mwanafunzi anayesubiri fimbo.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Treni iliondoka Pugu, ikaingia kati ya vilima. Msitu ulikuwapo. Mgongo wa ardhi nyeupe ya kaolini ulijitokeza kati ya miti, na Mwanaidi akasema, "Mashallah." Nililala usingizi kidogo sana kwa ajili ya kile kilima. Erasto hakusema neno, nami ninamfahamu. Akikaa kimya, amependa.

Kisha tukafika Mpiji. Au tuseme, hatukufika.

"Mzee wangu, Mpiji iko wapi?"

"Umeshaipita, mwanangu."

"Nimepita porini!"

Nilidhani macho yake yamepitiwa. Nilimwomba aendelee. Aliendelea, akaanza kupunguza mwendo kwa ajili ya Soga, akitafuta jukwaa, na mbele yetu hapakuwa na kitu ila minazi na nyasi. Hapakuwa na jengo wala kibao cha jina. Alipogundua kwamba ameshaingia, breki zilikuwa zimechelewa, na treni ikapita moja kwa moja.

"Abiria wa Soga mnisamehe," Erasto akasema. "Mji wenu umehama."

"Umemfuata Bibi Harusi," akasema Shabani, na wote wawili wakacheka hadi korosho zikamwagika.

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa karani kijana mahakamani. Nilijua nimejenga Soga. Nimeijenga kwa wiki nyingi, tofali kwa tofali.

Ni Mwanaidi aliyeshika kipanya cha kompyuta na kugeuza macho ya dereva kutazama nyuma. Soga ilikuwa pale. Yote. Jengo, bati, tangi la maji, kibao cha jina, mama anayeuza mihogo.

Hapo nikaelewa, nikalazimika kueleza. Ili kuipunguzia mzigo kompyuta yangu dhaifu, kila kitu cha stesheni, kuanzia ukuta hadi kibao, nilikuwa nimekichora upande mmoja tu. Mzee hachori mgongo wa ukuta wa namna hiyo. Ukiuangalia kwa nyuma ni hewa tupu. Mimi nilikuwa nimechora upande ule ninaouona.

"Lakini baba," Mwanaidi akauliza taratibu, "wewe huwa unaendesha ukiwa umekaa wapi?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema kwamba mimi siendeshi. Huiachia kompyuta iendeshe. Mimi hukaa katika behewa la daraja la pili, dirishani, nimeipa injini mgongo.

Erasto alinigeukia na kiti chake.

"Miaka yote hii uko kwenye kundi la madereva, na hujawahi kushika breki?"

"Hakuna aliyeniuliza," nikasema. "Naomba radhi."

Shabani alilazimika kushikilia mashine ya nakala asianguke kwa kicheko. Hata mimi nilicheka, ingawa moyoni nilikuwa nikiagana nao.

Kicheko kilipotulia nikawaeleza kwa nini, kwa sababu niliona wanastahili kujua. Apolonia hakuweza kusafiri akiwa amekaa kinyumenyume, tumbo lilimchafuka. Kila mwisho wa mwaka tulipokwenda kwao, ng'ambo ya Morogoro, yeye alikaa akitazama mbele, nami nikakaa mkabala naye, nikitazama tulikotoka. Ilikuwa hivyo tangu mwaka tuliofunga ndoa hadi safari yetu ya mwisho. Alikuwa akisema, "Soga hiyo inakuja," nami nikisubiri mpaka Soga itokee ubavuni mwangu. Kwa hiyo reli hii ninaijua kwa namna moja tu: ikiondoka.

Nilisema hayo kama udhuru, nikamalizia kwamba ninakubali uamuzi wowote wa kundi, na kwamba kwa Bibi Harusi nawatakia kila la heri.

Erasto alirudisha treni Pugu, akaikabidhi kwa kompyuta iendeshe yenyewe, akahamisha macho hadi ndani ya behewa.

"Dirisha la upande gani, mzee?"

"Kushoto, tafadhali. Sasa geuka. Tazama nyuma."

Wasomaji wangu, katika ukurasa huu sijawahi kujisifu, na mapadre walitufundisha kwamba mtu asijisifu. Leo naomba ruhusa mara moja.

Reli ile ni nzuri.

Kilima cheupe kilituacha polepole, kikajificha nyuma ya miti, kikachungulia tena pale ambapo sisi wote tulidhani kimekwisha. Mpiji ilitokea pembeni mwa dirisha kwa ghafla, nzima, karibu kiasi cha kuigusa, kisha ikachukua muda wake kuwa ndogo: dirisha la tiketi, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kanga zimeanikwa. Kwenye kona ya kabla ya Soga mkia wa treni ulijipinda nyuma yetu, behewa la mwisho likamulikwa na jua. Erasto alikuwa akisema "polepole, polepole," kana kwamba kompyuta inamsikia. Shabani, ambaye ni mzaliwa wa Msimbu, alimkumbuka mjomba wake aliyekuwa akipanda treni na magunia ya mihogo, akaanza kusimulia, kisha akasogeza kiti karibu na kompyuta. Chai ya Mwanaidi ilipoa mkononi.

Tulipovuka daraja la Ruvu, mto ulikaa machoni petu muda mrefu kuliko nilivyokumbuka kuujenga.

Baada ya hapo wakabishana, na ninashukuru kwamba hawakunifanyia huruma. Erasto alisema yeye binafsi habanduki kwa Bibi Harusi, kwa sababu amezoea mvua yake. Lakini alifuta pendekezo la kuhama, kwa sharti moja: stesheni zangu zipewe nyuso za mbele.

"Treni isiyo na dereva ni sinema, mzee. Tunataka kuendesha. Tunataka kuiona Soga kabla hatujaigonga."

"Afadhali wewe uigonge," Shabani akamwambia. "Wenzio wa Bibi Harusi wataganda kabla ya Pugu."

Sharti ni la haki, nami nililikubali mbele ya wote. Kundi linabaki na Mzee, na reli ya Pugu hadi Ruvu ndiyo itakayoendeshwa na wote, ikishakamilika. Watu watapita katika kazi ya mikono yangu, Mzee Klementi wa Sofu, niliyeanza kugusa kompyuta nikiwa na wajukuu. Nimelirudia jambo hilo moyoni njia nzima ya kurudi, na sijutii.

Mwanaidi alishauri nizigeuze tu kuta zile. Nikamjibu kwamba sivyo inavyowezekana. Lazima nichore ule upande mwingine, na nilipojaribu kuukumbuka, hapo hapo mbele yao, nikakuta sina kitu. Ukiijia Soga kwa mbele, linatangulia tangi la maji au jengo? Paa linaonekana juu ya minazi, au minazi inalifunika? Sijui. Nimepita pale karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sijui.

Yule binti, Mungu ambariki, akajitolea kwenda kwa gari na kunipigia picha za kila stesheni. Ilikuwa fadhila kubwa, na nilijishangaa nilipojisikia nikiikataa. Nilimwomba radhi. Nadhani alielewa, maana hakusisitiza.

Treni ya kawaida bado inapita katika reli ile ya zamani. Nitakata tiketi, nami nitakaa nikitazama mbele. Ninakiri kwamba ninaogopa kidogo. Kile kilikuwa kiti chake, na sijawahi kukikalia.

Lakini kuna jambo nimekaa nalo tangu niliporudi. Aliposema "Soga hiyo inakuja," mimi niligeuza shingo kumridhisha, na kila mara niliona nyasi na minazi tu, kisha nikarudi kutazama nyuma, na Soga ikaja kweli. Hakukosea hata safari moja.

Alikuwa akiona nini?